Intaneti ya nyumbani ni nafuu kwa nani?

Safu ya mwisho kulia ya jedwali linalolinganisha bei za intaneti ya nyumbani nchi kwa nchi ndiyo iliyoninasa.

Jedwali lenyewe lilikuwa la kawaida: jina la nchi, kasi ya kifurushi, bei ya mwezi kwa dola, na pembeni kabisa "bei kwa megabiti", yaani bei iliyogawanywa kwa kasi. Nchi iliyokaa juu ilikuwa na kifurushi cha megabiti 1,000 kwa dola 40. Senti 4 kwa megabiti. Chini kabisa palikuwa na nchi yenye kifurushi cha megabiti 50 kwa dola 20. Senti 40. Maelezo yaliyofuata yalisema wakazi wa nchi ya pili wanatozwa mara kumi ya wenzao.

Hesabu haina kosa. Maelezo ndiyo yenye kosa.

Kaya inayohitaji megabiti 50 katika nchi ya kwanza haina mahali pa kuzinunua peke yake. Itachukua hizo 1,000, italipa dola 40, na mwezi ukiisha itakuwa imetoa mara mbili ya kaya ya nchi ya pili kwa matumizi yaleyale: masomo ya mtandaoni, filamu jioni, simu za video. Jedwali limeigeuza nchi ghali ikaonekana nafuu, na nafuu ikaonekana ghali.

Nimelirudia jambo hili kwa wiki kadhaa, kwa sababu majedwali ya namna hii hayakai kimya. Wapo wanaoyabeba kudai bei zishushwe, na wapo wanaoyabeba kutetea zibaki zilipo. Na kila nilipojaribu kurekebisha kosa moja, nilikuta jingine chini yake.

## Kugawa kodi ya nyumba kwa upana wa mlango

Tuanze na hiyo megabiti kwa sekunde, ambayo hapa nitaiita megabiti tu.

Gharama kubwa ya intaneti ya nyumbani iko ardhini na juu ya nguzo: kuchimba mtaro, kulaza bomba, kuvuta waya hadi ukutani, kumleta fundi, kufunga kifaa cha faiba (uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga) na ruta, kisha kumlipa anayepokea simu huduma ikikatika. Mambo hayo yote hayaulizi kama umechukua megabiti 50 au 1,000. Kwenye mtandao wa faiba, tofauti ya vifurushi hivyo viwili mara nyingi ni mpangilio tu unaoandikwa kwenye mtambo wa kampuni. Waya ni uleule, mwanga unaopita ndani ni uleule.

Zaidi ya hapo, kasi unayouziwa ni kikomo. Hakuna anayekupimia mzigo huo na kukuletea mlangoni. Chukua teknolojia ya GPON, iliyoenea sana kwenye faiba za majumbani. Uzi mmoja unaotoka kituoni hubeba gigabiti 2.488 za kupakua (gigabiti moja ni megabiti 1,000), na hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 32 zikivuta zote kwa nguvu kwa wakati mmoja, kila moja inabakiwa na megabiti zisizofika 78. Zikiwa 64, hazifiki 39. Hata hivyo kampuni inauza "megabiti 1,000" kwenye uzi huo bila kudanganya, kwa kuwa nyumba hazivuti zote kwa pamoja. Mmoja anasoma ukurasa, mwingine amelala, wa tatu anapakua kitu kwa dakika mbili kisha anatulia.

Kwa hiyo kugawa bei kwa kasi ni kama kugawa kodi ya nyumba kwa upana wa mlango. Namba itatoka, lakini haielezi nyumba.

Uswisi inaonyesha vizuri mwisho wa mantiki hii. Mwaka 2021 kampuni ya Init7 ilianza kuuza huko huduma ya gigabiti 25, kupakua na kupakia, kwa faranga 777 kwa mwaka. Hiyo ni faranga 64.75 kwa mwezi, au robo ya senti kwa megabiti ukiacha ada za kufungiwa. Kwa kipimo cha megabiti, mojawapo ya nchi ghali kuliko zote duniani kuishi inakuwa na intaneti karibu ya bure. Ninaipenda huduma hiyo kwa dhati. Imejengwa kwa ustadi. Ila kadi ya mtandao ya kompyuta nyingi huishia gigabiti 1 au 2.5, na Wi-Fi ya nyumba nyingi haifiki hata hapo. Megabiti zinazobaki zipo kwenye jedwali tu.

Halafu kuna upande ambao safu ya kasi huuficha kabisa: kupakia. Mitandao mingi inayopitia nyaya za televisheni hutoa megabiti 1,000 za kushuka (kupakua) na 20 hadi 50 za kupanda (kupakia). Faiba ya kisasa ya XGS-PON hubeba gigabiti 10 pande zote mbili. Kwa mtu anayetuma video za kazi au kuhifadhi picha zake mbali, hizo ni huduma mbili tofauti. Jedwali huziandika "1,000" zote mbili.

## Kasi ya nani, na saa ngapi?

Tuseme tumeacha kugawa. Tunalinganisha bei za vifurushi vya kasi sawa. Je, kasi ni sawa kweli?

Nchini Uingereza, hadi mwaka 2018, kampuni iliruhusiwa kutangaza kasi ya "hadi" kiasi fulani iwapo asilimia 10 tu ya wateja wangeweza kuifikia. Tangu Mei 2018 namba inayotangazwa lazima ipatikane kwa angalau nusu ya wateja kati ya saa 2 na saa 4 usiku, wakati ambapo mtandao umeelemewa. Matangazo mengi yalishusha namba. Nyaya hazikuguswa. Mtu anayelinganisha jedwali la 2017 na la 2019 anaweza kuapa kwamba huduma ilirudi nyuma.

Australia nayo imewazoesha watoa huduma kutangaza kasi ya kawaida ya jioni, saa 1 hadi saa 5 usiku. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2015, unataka mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje kasi ya chini kabisa, ya kawaida, ya juu na ile iliyotangazwa. Kwingineko hakuna anayedai lolote, na "100" inaweza kuwa namba ambayo mteja ataiona saa 10 alfajiri.

Ukiweka namba hizi kwenye safu moja umechanganya ahadi na kipimo. Nchi yenye msimamizi mkali huonekana ina kasi ndogo kwa bei kubwa, kwa kuwa imelazimishwa kusema ukweli.

Hata neno lenyewe huhama. Marekani iliweka kiwango cha chini cha intaneti ya kasi kuwa megabiti 25 kushuka na 3 kupanda mwaka 2015. Machi 2024 ikakipandisha hadi 100 na 20. Kwa hiyo ukiambiwa bei ya "intaneti ya kasi" imepanda au imeshuka katika miaka kumi, uliza kwanza ni kasi ipi.

## Bei ya bango na bei ya mfukoni

Hapa ndipo palipo na kazi kubwa, na ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Chukua kifurushi kilichotangazwa kwa 25 kwa mwezi. Bei hiyo ni ya miezi 12. Baada ya hapo ni 45. Mkataba ni wa miezi 24. Kufungiwa ni 60 mara moja. Ruta inakodishwa kwa 5 kila mwezi. Sasa hesabu: miezi 12 kwa 25 ni 300, miezi 12 kwa 45 ni 540, kufungiwa 60, ruta 120. Jumla 1,020. Gawa kwa 24, unapata 42.50.

Kifurushi cha jirani kimetangazwa kwa 38, hakina mkataba, ruta imo, na kufungiwa ni bure. Ni 38 kweli.

Kwenye jedwali la bei za matangazo, 25 inashinda 38 kwa mbali. Na mteja wa kwanza asipohama mkataba unapoisha, wastani wake wa miezi 36 unafika 45. Bei ya ofa hulipwa na wanaohama; wanaobaki hulipa ile ya pili. Nchi ambayo watu wake hawana zoea la kuhama, au ambako kuhama ni usumbufu, ina bei halisi iliyo juu ya bango kwa kiasi kikubwa zaidi.

Kila nchi ina pahala pake pa kufichia. Uingereza ilikuwa ni kodi ya laini ya simu, iliyoandikwa pembeni kwa herufi ndogo hadi Oktoba 2016, matangazo yalipotakiwa kuijumlisha. Baadaye likaja ongezeko la katikati ya mkataba lililofungwa na mfumuko wa bei. Kwa mikataba mipya tangu tarehe 17 Januari 2025, ongezeko lolote lazima litajwe kwa pauni na peni tangu siku ya kusaini. Japani, huduma nyingi za faiba ni malipo ya aina mbili: ya waya na ya mtoa intaneti. Ukichukua ile ya waya peke yake umepata nchi nafuu isiyokuwepo. Tena huko bei ya nyumba ya kujitegemea na ya ghorofa hutofautiana ndani ya kampuni ileile, hivyo "bei ya Japani" ni mbili kabla hujaanza.

Italia walibadilisha kalenda. Kampuni zilihamia bili ya kila siku 28, na mwaka ukawa na bili 13 badala ya 12. Bei ya tangazo haikusogea. Matumizi ya mwaka yalipanda kwa zaidi ya asilimia 8. Sheria ya mwishoni mwa 2017 ilirudisha bili za mwezi. Mahali pengi duniani vifurushi vya kulipia kabla bado ni vya siku 28 au 30, na anayeandika jedwali huviita "mwezi".

Kodi je? Ulaya, bei anayoonyeshwa mteja wa nyumbani ina VAT ndani yake. Ila VAT si moja: Hungaria hutoza asilimia 27 kwa bidhaa nyingi, lakini intaneti iliishusha hadi 5 tangu 2018, wakati Denmark na Sweden ni 25. Marekani kwa kawaida huonyesha bei bila kodi. Intaneti yenyewe imelindwa dhidi ya kodi za majimbo kwa sheria iliyoanza 1998 na kufanywa ya kudumu 2016, ila ada za majina mbalimbali hujitokeza kwenye bili. Ndiyo maana tangu Aprili 2024 kampuni kubwa za huko zinatakiwa kubandika lebo inayotaja bei, muda wa ofa, ada, kasi na kikomo cha data. Lebo hiyo ni msaada mkubwa kwa mlinganishaji. Natamani kila nchi iwe nayo.

Kuna na bei zinazopungua kimyakimya. Ufaransa, tangu kampuni ya Free ilipoanza kuuza ADSL (intaneti ya laini ya simu) kwa euro 29.99 mwaka 2002, kisha ikaongeza simu na televisheni bila kupandisha bei, kifurushi cha vitu vitatu kimekuwa ndiyo kawaida. Ukikilinganisha na intaneti tupu ya nchi nyingine, unalinganisha vitu vitatu na kimoja. Sweden, maghorofa mengi yana mkataba wa jengo zima: intaneti imo kwenye ada ya nyumba, kwa bei ya jumla iliyo chini sana ya ile ya dukani. Bei hiyo haimo kwenye tovuti ya kampuni yoyote. Wanaoilipa ni wengi, na jedwali haliwaoni.

## Siku ambayo intaneti ilishuka bei bila bei kushuka

Tarehe 6 Machi 2024, Misri iliiachia pauni yake ipangiwe thamani na soko. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban pauni 31 ikafika karibu 50.

Chukua bili ya mfano ya pauni 310 kwa mwezi. Kabla ya siku hiyo ni dola 10. Baada yake ni dola 6 na kitu. Nyumbani hakuna kilichobadilika: bili ni ileile, mshahara ni uleule, na vitu vingine vinapanda. Lakini kwenye orodha ya dunia nchi imeruka ngazi kadhaa kuelekea "nafuu". Argentina ilikuwa imepita njia hiyohiyo Desemba 2023, kiwango rasmi kilipotoka peso 366 hadi 800 kwa dola.

Kwa muda mrefu niliona dawa ya hili ni moja: kuacha viwango vya soko vya kubadilisha fedha na kutumia vile vilivyosawazishwa kwa uwezo wa kununua. Benki ya Dunia husimamia mradi wa kupima bei za bidhaa na huduma nchi kwa nchi. Matokeo ya mwaka 2021 yalitoka Mei 2024 yakiwa na nchi na maeneo 176. OECD, jumuiya ya nchi zenye uchumi ulioendelea, pia hutumia usawazishaji huo kwenye ulinganisho wake wa bei za intaneti. Nchi ambayo vitu kwa jumla huuzwa kwa nusu ya bei ya Marekani, kifurushi chake cha dola 20 huhesabiwa kama dola 40. Nchi ghali kwa asilimia 20, kifurushi chake cha 60 hushuka hadi 50. Inaonekana haki.

Hapo ndipo shaka iliponiingia.

Usawazishaji huo unatoka kwenye kapu la kila kitu: kodi ya nyumba, chakula, kinyozi, matibabu. Unamweleza mlipaji: ukitoa bili hii, umejinyima kiasi gani cha mengine. Kwa swali hilo ni kipimo kizuri. Lakini haumwelezi muuzaji. Mtambo wa faiba, ruta, na uwezo wa kupita kwenye mkongo wa baharini hununuliwa kwa dola, na muuzaji wa vifaa hapunguzi bei kwa sababu kinyozi wa nchi hiyo ni nafuu. Mishahara ya mafundi na gharama za kuchimba ndizo zinazofuata bei za ndani. Kampuni inayouza kwa dola 20 katika nchi maskini inaweza kuwa inafunika gharama zake kwa shida, huku jedwali lililosawazishwa likiiandika 40 na wasomaji wakiiita mnyonyaji.

Mzigo wa mteja ni wa kweli. Tuhuma dhidi ya muuzaji inahitaji ushahidi mwingine.

Tangu hapo nimeacha kutafuta kiwango kimoja cha haki. Nikiuliza kama kampuni inatoza kupita gharama zake, natazama kiwango cha soko, cha wastani wa miezi kadhaa, pamoja na bei ya vifaa. Nikiuliza bili inakula nini cha mteja, natumia uwezo wa kununua. Nikiuliza nani anaweza kuunganishwa na nani ataachwa, naacha sarafu zote na kutazama kipato.

## Asilimia 2 ya nani?

Kwa kipato kuna kipimo kinachojulikana. Tume ya Broadband (intaneti ya kasi), iliyoanzishwa na UNESCO pamoja na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, iliweka lengo kwamba kufikia 2025 intaneti ya kiwango cha kuanzia igharimu chini ya asilimia 2 ya pato la taifa la mwezi kwa kila mtu. Lengo la awali lilikuwa asilimia 5. ITU hukusanya bei kwa kapu maalumu: kifurushi cha bei ya chini kabisa cha mtoa huduma mwenye wateja wengi zaidi, chenye angalau gigabaiti 5 kwa mwezi na kasi isiyopungua kilobiti 256, kodi ikiwemo.

Naliheshimu kapu hili, kwa sababu linapimwa kwa kanuni ileile kila nchi na linafika kwenye nchi ambazo wengine huziruka. Ila lazima ujue ndani yake mna nini. Gigabaiti 5 ni pungufu ya saa mbili za filamu ya ubora wa HD, ambayo hutumia hadi gigabaiti 3 kwa saa. Kwa kilobiti 256, kuzipakua zote tano kungechukua saa 43 mfululizo. Nchi inaweza kutimiza lengo la asilimia 2 kwa kifurushi ambacho kaya yenye mtoto mmoja wa shule itakimaliza kabla ya wiki kwisha.

Na pato la taifa kwa kila mtu si mshahara wa mtu. Ndani yake mna faida za kampuni na mapato ya serikali, na wastani huvutwa juu na walio nacho. Tuseme pato hilo ni 1,500 kwa mwezi na intaneti ni 30: asilimia 2 kamili, lengo limetimia. Kaya ya chini inayoishi kwa 300 kwa mwezi inatoa asilimia 10. Kinachonikera ni kwamba kaya hiyo ndiyo iliyotajwa kwenye hotuba za kuzindua lengo, halafu haionekani kwenye kipimo cha lengo.

Nafuu yake ni kutumia kipato cha kaya iliyo katikati kabisa ya orodha pale takwimu zinapopatikana, na kuongeza safu ya kaya za sehemu ya tano ya chini kwa kipato. Ni safu moja tu, na ndiyo inayosema zaidi ya nyingine zote.

## Palipo na tofauti ya kweli

Ukishaondoa vumbi hilo lote, tofauti bado zipo, na zina sababu zinazoshikika.

Romania ni mfano ninaoupenda. Miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wakazi wa maghorofa walivuta nyaya za mtandao kutoka jengo hadi jengo na kuchangia bili. Mitandao hiyo midogo ikashindana mtaa kwa mtaa, kisha ikanunuliwa na kampuni kubwa zilizokuta wateja waliokwisha kuzoea kasi kubwa kwa bei ndogo. Maghorofa yaliyobanana yalifanya waya mfupi uhudumie watu wengi.

Stockholm ilichukua njia nyingine. Tangu 1994 kampuni ya jiji, Stokab, hulaza faiba na kuikodisha kwa yeyote anayetaka kuuza huduma, nayo haishindani nao kwa mteja wa nyumbani. New Zealand iliigawanya kampuni yake kubwa ya simu mwaka 2011: upande mmoja mwenye nyaya, Chorus, asiyeruhusiwa kumuuzia mteja wa mwisho; upande mwingine wauzaji. Katika mifano yote miwili mtaro unachimbwa mara moja na wauzaji wanashindana juu yake. Pale ambapo mwenye mtaro ndiye muuzaji pekee, bei hufuata kile ambacho mteja anaweza kuvumilia.

Umbali nao una bei yake. Nchi isiyo na pwani hulipia kupita kwenye nchi za jirani kabla ya kufika kwenye mkongo wa baharini, na kisiwa chenye mkongo mmoja hakina wa kumshindanisha naye.

Hata ndani ya nchi moja bei si moja. Februari 2023 Starlink, kampuni ya intaneti ya satelaiti, ilitenganisha bei zake Marekani: dola 90 kwa mwezi kwenye maeneo yenye nafasi, dola 120 kwenye maeneo yaliyojaa. Satelaiti zilezile, sahani ileile. Kilichouzwa kwa tofauti ya dola 30 ni nafasi iliyobaki angani juu ya eneo husika. Basi "bei ya nchi" ni jina tunalolipa wastani wa anwani, na mara nyingi wastani huo ni anwani moja ya mji mkuu.

## Namna ninavyolipanga sasa

Naanza na kaya, kasi huja baadaye. Naandika inachohitaji: kwa mfano angalau megabiti 100 kushuka na 20 kupanda wakati wa jioni, data isiyopungua gigabaiti 500, kukaa miezi 24. Kifurushi chochote kinachotimiza hayo kinaingia, kiwe cha 100 au cha 1,000. Kikizidi, hakipewi alama za ziada.

Kikomo cha data nakisoma kwa makini, kwa kuwa ndicho kinachofunika kasi. Kwa megabiti 300, terabaiti nzima (gigabaiti 1,000) inaisha kwa karibu saa saba na nusu za kupakua bila kusita. "Bila kikomo" yenye kupunguzwa kasi baada ya kiwango fulani naiandika kama kikomo.

Kwa kila nchi nachukua anwani za aina tatu: ghorofa la jiji kuu, nyumba ya mji mdogo, na nyumba ya kijijini. Naziingiza kwenye kurasa za kuangalia upatikanaji, kwa kuwa kampuni nyingi huonyesha bei ya kweli baada tu ya kupewa anwani. Nachukua kampuni zote zinazofika hapo. Kubwa peke yake haitoshi, maana ni nadra kuwa nafuu kuliko zote. Kisha nasoma mkataba hadi mwisho: bei ya ofa na miezi yake, bei ya baadaye, kufungiwa, ruta, laini ya simu ya lazima, punguzo linalodai ununue na laini ya mkononi, ongezeko la kila mwaka, faini ya kuvunja mkataba, kodi, na idadi ya siku katika "mwezi". Nahifadhi picha ya ukurasa pamoja na tarehe. Bei hizi hubadilika wiki hadi wiki, na bila tarehe hutaweza kujitetea.

Najumlisha kila kitu kwa siku 730 na kugawa kwa 24. Naandika kilicho nafuu kuliko vyote, na kile cha katikati. Pengo kati ya hivyo viwili ni habari tosha: likiwa kubwa, nchi ina bei nzuri kwa wanaotafuta na mbaya kwa wanaobaki.

Kosa linaloniponyoka mara nyingi ni la herufi. b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ina biti 8. Tangazo la "giga 1" linaweza kuwa kasi au kiasi cha data, kutegemea ukurasa. Ukikuta nchi iliyo nafuu au ghali mara nane kuliko majirani zake, rudi ukaangalie herufi kabla hujatafuta sababu za kiuchumi.

Nikizirudia zile nchi mbili za mwanzo kwa mpango huu, ile ya senti 40 inatoka kabisa kwenye ulinganisho: megabiti 50 hazitimizi mahitaji ya kaya niliyoiandika, na jedwali halikuonyesha kifurushi chake kingine. Nikishusha mahitaji hadi 50 inarudi, na inashinda kwa 20 dhidi ya 40. Namba niliyoianza nayo, ile mara kumi, haijitokezi popote.

Na pale anwani ya kijijini isipokuwa na huduma yoyote inayotimiza sharti, naandika "haipatikani" kwa maneno. Sifuri haifai: programu ya jedwali itaijumlisha kama bei, na nchi isiyofikisha waya kijijini itapanda hadi juu ya orodha.